Mwezi wa Masheikh wa Doha

Kwa miaka mingi nilikana kwamba huwa ninawasubiri masheikh wa serikali. Chuoni niliandika tasnifu nzima nikidai dola na dini zikae mbalimbali, na Doha nilikuja nayo kichwani. Lakini kila ishirini na tisa ya Ramadhani, baada ya futari, nilikaa mbele ya televisheni nyumbani kwetu mtaa wa Al Sadd nikingoja kamati yao itamke kama mwezi umeandama.

"Msomi leo hapepesi macho," alinitania mdogo wangu, mhudumu wa hoteli. "Si ulisema hawana kazi serikalini?"

"Natazama habari tu."

Mwaka aliofariki baba, utani ulikwisha. Nilikuwa nimemwahidi mama, aliyebaki peke yake Tanga, kwamba tutafunga naye pamoja mpaka siku ya mwisho. Masheikh wakatangaza: kesho Idi. Tanga mwezi haukuonekana, na mama, kama alivyokuwa baba, hafuati mwezi wa nchi nyingine.

"Kesho nitafunga naye," nilisema. "Nani atajua?"

"Mungu, dada. Na mama. Mpigie."

Nikapiga, nikamweleza mama nia yangu.

"Kufunga siku ya Idi ni haramu, mwanangu. Huko mliko wenye kuutangaza mwezi ni hao, wafuateni. Mimi siku yangu moja iliyobaki nitaifunga, na jirani atakuja tufuturu. Nyie kesho kuleni, mmwombee baba yenu."