Akidor na Tone la Iodini

Saa kumi na moja alfajiri, Akidor amechutama sakafuni mwa maabara ya shule moja ya sekondari hapa Lodwar. Taa ya chemli iko kando yake. Anamimina maziwa kidogo kwenye mrija wa kioo, anafungua chupa yenye ushanga mweusi shingoni na kudondosha tone moja la iodini.

Anasubiri. Maziwa yanageuka buluu, kisha karibu meusi.

"Ai! Hii maziwa imekula unga," anasema.

Saa tatu, wanafunzi kumi na mmoja wa kidato cha nne wataingia humu kufanya mtihani wa baiolojia wa vitendo. Maagizo yanataka maziwa mabichi. Maziwa halisi hayana wanga, kwa hiyo iodini ikitiwa humo haigeuki nyeusi. Mwanafunzi akiona weusi ataandika kuna wanga, na kule Nairobi msahihishaji atamwekea alama ya kosa.

Jambo hili Akidor analijua vizuri, maana lilishamtokea.

Ilikuwa Julai mwaka huu wa 1978, siku ya mtihani wa majaribio. Darasa zima liliandika kwamba maziwa aliyoyaleta yeye yana wanga. Mwalimu Mureithi, mtu wa Nyeri, alishika kiboko. Akidor, mama ambaye kwenye vitabu vya shule ni mfagiaji tu, aliweka ufagio chini.

"Mwalimu, usichape hawa. Makosa ni ya kibuyu yangu."

Kibuyu cha maziwa hapa hakioshwi kwa maji. Mama wa boma huingiza kijiti chenye moto, akasugua ndani mpaka panuke moshi, na maziwa hukaa siku nyingi bila kuharibika. Lakini ulipokuja unga wa msaada, kibuyu kilekile kilianza kubeba uji.

"Moshi inaua uchachu," anaeleza. "Unga haiogopi moshi. Inashika tu hapo ndani."

Mureithi anacheka akikumbuka. "Mimi nina diploma, lakini kibuyu sikukijua. Angenyamaza, nani angemshuku? Siku hiyo nilimpa ufunguo wa maabara."

Alimfundisha vipimo vinne. Akidor hajui kusoma, basi kila chupa ameifunga ushanga wa rangi atakayoiona. Mweusi ni wanga. Mwekundu ni sukari, kwa kuwa dawa yake ya buluu ikichemshwa na maziwa huwa nyekundu kama tofali. Zambarau ni protini. Mafuta hayana chupa: anapaka kitu kwenye karatasi, na doa likipitisha mwanga, mafuta yapo.

"Mbuzi, samaki, mtu, yote imejengwa na hizo hizo," anasema. "Nilichunga miaka mingi, sikujua."

Alichunga Kakuma, alikozaliwa. Ukame ulimchukulia mbuzi thelathini na saba kati ya arobaini, akapanda lori la msaada hadi Lodwar.

Asubuhi hii hana muda wa kuhesabu mbuzi waliokufa. Anachemsha maji, anasuuza bilauri ya kioo na kutoka mbio hadi boma la jirani yake, Akai, aliyemletea maziwa yale.

"Ejok, Akai," anasalimu kwa Kiturkana. "Kibuyu yako ilibeba uji?"

"Jana tu! Kwani watoto wa shule hawali uji?"

"Leo hawali. Shika mbuzi."

"Na bilauri? Umekuwa mzungu?"

"Shika mguu, wewe!"

Anakamua mwenyewe, moja kwa moja kwenye kioo. Saa mbili unusu yuko maabara, magoti yana vumbi. Tone linaanguka. Anainua mrija dirishani, anautazama kwa muda mrefu. Kahawia: iodini haikugeuka.

Saa sita kasorobo mlango unafunguliwa. Lokol, mwanafunzi mrefu kuliko wote, anatoka wa kwanza.

"Mama, maziwa ya leo imekataa kuwa nyeusi!"

"Uliandika nini?"

"Hakuna wanga."

Akidor anakaa kwenye ngazi na kufunika uso kwa viganja. Kisha anaingia kuosha mirija.

Amesikia Kakuma nako kutajengwa maabara siku moja. Ameshatunga shanga nyingine tatu, amezifunga kwenye pindo la nguo.

"Wakijenga, nitarudi. Na nitaenda na bilauri yangu."