Udongo Unaouzwa Langoni

Kazi yangu ni kuchimba mashimo mahali ambapo watu wengine wanataka kujenga, kisha niseme kama ardhi ni safi. Kwetu Kitale hawajawahi kuielewa. Mama yangu huwaambia majirani kwamba binti yake alisoma, akasoma, halafu akarudi kushika jembe.

Safari hiyo nilitumwa pembeni ya mji wa Bungoma, ukikaribia Kanduyi, kwenye yadi ya zamani ya kutibu nguzo za stima. Kwa miaka mingi nguzo zilizamishwa humo katika dawa ya kuzuia mchwa, kisha zikaanikwa nje zikidondosha. Dawa yenyewe ilikuwa na shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu, hilo halina mjadala. Kiwanda kilipofungwa, mashine ziliuzwa na nyasi zikaota. Sasa tajiri mmoja alitaka kujenga nyumba za kupangisha. Kabla sijagusa chochote, bosi wangu alinitaka nitie sahihi kwamba sitamwambia mtu yeyote nilichokiona mpaka ripoti itoke. Nilisaini upesi upesi, kama mtu anayesaini kitabu cha wageni harusini.

Langoni palikuwa na mama mmoja aliyeuza ndizi, njugu na udongo wa kutafuna. Wajawazito wa kwetu huutamani udongo kuliko nyama. Mimi mwenyewe, nilipokuwa na mimba ya kwanza, niliutafuna mpaka meno yakalalamika. Kwa hiyo meza yake haikunishangaza. Kilichonishangaza ni rangi. Vipande vile vilikuwa na ukijani.

"Mama, huu udongo unautoa wapi?"

"Si hapo tu nyuma ya mabati, dada. Mvua imekata ukingo. Ile ya soko la Chwele haina ladha, bana. Hii iko na chumvi-chumvi."

Nilinunua kipande, nikajificha nyuma ya gari na kukielekezea kifaa changu cha kupimia, kinachofanana na kile cha kusomea bei supamaketi. Kikaonyesha aseniki. Nikapima tena, nikakipangusa kioo na kupima mara nyingine. Namba ilikuwa ileile.

Nikampigia bosi.

"Hicho kimashine si ushahidi," alisema. "Ngoja maabara ya Nairobi. Ukifungua mdomo, tajiri atatupeleka kortini, na wewe kazi huna. Tumeelewana?"

"Na wajawazito wanaoula?"

"Waambie hawaruhusiwi kuingia hapo. Basi."

Nilienda nikawaambia hivyo. Mama wa langoni alicheka mpaka akashika kiuno. "Ati tusiingie? Hata ng'ombe wanaingia!" Nikaziba tundu la ua kwa miiba. Asubuhi iliyofuata miiba haikuwepo, na mama alikuwa akichemshia chai juu yake.

Nilikasirika. Nilimkasirikia bosi, nikamkasirikia tajiri ambaye sijawahi hata kumwona, na zaidi nikaukasirikia mkono wangu uliosaini. Mchana kutwa nilizunguka ndani ya ule ua wa mabati nikichimba, na kila niliposikia sauti ya mwanamke langoni, niliacha kuchimba nikachungulia. Nilihisi nimefungiwa. Kazi niliihitaji, kwa sababu mimi ndiye ninayesomesha nyumbani. Lakini wale wanawake walikuwa na watoto tumboni, na mimi ndiye pekee niliyejua.

Ndipo nikabuni ujanja wangu. Kila asubuhi nilinunua udongo wote mezani, hadi vumbi lililobaki kitakoni mwa ndoo yake. Mama alifurahi, akanibandika jina la daktari wa mchanga. Udongo niliutia katika mifuko ya sampuli na kuusukuma chini ya kitanda katika chumba nilichopanga Kanduyi. Nililala juu ya sumu, lakini angalau nililala. Nilijiona mjanja kweli.

Kazi ilipokaribia kwisha, nilitoka jioni moja nikakuta wanawake wamejaa pale mezani kuliko nilivyowahi kuwaona. Ndoo ilikuwa imejaa tena.

"Mama, si nilinunua yote asubuhi?"

"Ya asubuhi ni yako. Hii nachimbia wengine. Siku hizi wanaitisha ile ya daktari wa mchanga tu!"

Nilisubiri wateja waondoke, kisha nikavunja kiapo changu palepale. Nikamwambia ni sumu. Nikamweleza habari ya nguzo, ya dawa, ya kifaa changu. Nikamsihi asichimbe tena, asiuze, wala asionje.

Hakubishana. Aligeuka tu na kumwita mke wa mwanawe, aliyekuwa akimenya njugu nyuma ya meza. Msichana akaja taratibu, mkono mmoja ukishikilia mgongo. Tumbo lilikuwa kubwa, na shavu moja lilikuwa limevimba.

"Hebu rudia," mama aliniambia. "Huyu naye asikie."

Nikarudia yote. Msichana alinisikiliza hadi mwisho, akaona haya kidogo.

"Aunty, lakini si wewe unanunua ndoo mzima?" alisema, maneno yakizunguka lile donge mdomoni. "Mimi nilikuwa naogopa hiyo rangi yake. Mathe hapa akaniambia hata yule wa kupima anakula. Ndio nikaanza."

"Tema," nikamwambia. "Tafadhali, tema sasa hivi."

Aliniangalia, kisha akamwangalia mama mkwe wake aliyesimama mbele yake. Kutema kitu mbele ya mama mkwe, kitu alichokupa kwa mkono wake, si adabu. Akainamisha kichwa, akameza.