Nusu ya Mbegu za Managu

Jeptoo hana haraka na kitu chochote. Mimi Shiru nimeumbwa na haraka, kwa hivyo miezi ya kwanza tulipokaa pamoja Abu Hamour, hapa Doha, aliniudhi kweli kweli. Mtu anamwuguza bibi mzee wa watu kutwa nzima, anarudi nyumbani, hata viatu hajavua, ameshainamia ndoo zake. Ndoo kumi na moja zilizoishiwa rangi ya ukuta, zimepangwa uani kando ya mtungi wa gesi, zote zimepandwa managu, mboga ya majani ya kwetu. Nilimwambia mboga zimejaa dukani, ya nini kujisumbua. Akacheka tu, akanichumia. Siku nilipoyaonja na ugali, wacha tu, niliomba niongezewe.

Kila msimu kuna shina moja ambalo halichumi. Hulifunga uzi wa sufu na kuliacha lizae mbegu za kupanda msimu unaofuata. Ni mbegu za mama yake kutoka kwao Kapsabet: nusu zilikaa kwa mama, nusu kwa Jeptoo, ili za huku zikiharibika, za kule ziwepo.

Joto lilipoanza kuchungulia mwezi wa nne, akaigeukia nyumba. Nyumba yetu ni kuukuu, hata milango imepinda. Akabandika foili madirishani, akaziba nyufa kwa vipande vya blanketi, akaosha vichujio vya AC, akapanda juu ya paa kulifunika tangi la maji kwa zulia bovu. Mwisho akazima hita ya bafuni na kubandika plasta juu ya swichi. Nilimtania kwamba kwao watu hujiandaa kwa baridi, yeye anajiandaa kwa jua. Sikuuliza hita ilimkosea nini. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza Doha, na nilijiona najua kila kitu.

Mwezi wa tano mama yake akafariki. Jeptoo alifunga sanduku kwa saa moja aende mazikoni, akaacha karatasi kwenye friji: managu yapewe maji kila siku, mfereji mwekundu tu. Niliisoma nikalia. Maskini, nikasema, huzuni imemchanganya, sasa anataka nimwagilie mboga maji ya moto. Basi mimi na akili zangu nikatumia mfereji wa buluu, ule wa maji baridi. Kila alasiri nikitoka kazini najaza jagi, namwaga, nasikia raha kwamba namsaidia.

Siku ya tatu majani yakalala. Nikaona yana kiu, nikaongeza. Siku ya tano maji yakanimwagikia mguuni. Ngai, karibu yanibabue! Mimi huoga alfajiri, tangi likiwa limepoa, kwa hivyo sikuwa najua kwamba mchana jua la paani huyachemsha maji yale, zulia au hakuna zulia. Nikakimbia bafuni, nikafungua mfereji mwekundu. Maji baridi. Hita iliyozimwa ilikuwa imeyahifadhi ndani ya nyumba, kivulini. Jeptoo hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa nimepika managu yakiwa bado udongoni.

Jioni hiyo hiyo akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imekwisha. Akanieleza kwamba hema la matanga lilisimikwa juu ya bustani ya mama, na wakwe waliosafisha jiko walichoma takataka pamoja na kibuyu cha mbegu.

"Lakini zangu zipo, Shiru, za lile shina la uzi. Si zipo?"

"Zipo," nikasema.

Nilikata simu nikatoka uani na tochi. Ndoo kumi zilikuwa zimekufa. Ile ya uzi ilikuwa mwisho wa mstari, ambako jagi lilikuwa likifika na matone tu. Ilikuwa imenyauka, lakini shina lilikuwa bado kijani. Niliibeba hadi chumbani kwangu, nikaiweka karibu na dirisha, AC isiipige moja kwa moja. Kwa wiki mbili nililala na ndoo. Maji ya mfereji mwekundu, nusu kikombe asubuhi, nusu jioni, nayapima kwanza kwa mkono wangu. Vitunda tisa vikaiva vikawa vyeusi. Mimi nisiyejua kungoja hata chai ichemke, nilikuwa navihesabu kila nikiamka.

Aliporudi nilimwambia yote mlangoni kabla hajatua sanduku, hata uongo wa simu. Akaenda uani, akashika zile ndoo kumi moja moja, kisha akaniomba nimwonyeshe iliyobaki. Alivikamua vile vitunda kwenye chujio, akaosha mbegu, akazianika juu ya gazeti kwa siku tatu. Zilikuwa ndogo kama punje za chumvi. Zilipokauka akachukua kisu, akazigawa mafungu mawili, akanisogezea moja.

"Hizi weka wewe."

"Mimi? Mimi niliyeyaunguza?"

"Nusu nyingine alikuwa anaweka mama," akasema. "Sasa sina mwingine."

Nikatafuta bahasha, nikazitia ndani, nikamwuliza mama yake aliitwa nani, kwa sababu muda wote ule sikuwahi kuuliza. Nikaandika Tabarno juu ya bahasha, na chini yake nikaandika Oktoba, mwezi wa kupanda.