Mtu wa Hesabu Usiyeweza Kumuuliza

Ile siku tuliyopanda ngazi kwenda kwa mama wa hesabu pale Mirongo ninaikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu dada yangu alizishuka akiwa amenuna na mimi nyuma yake nacheka. Ningejua yanayokuja nisingecheka. Juzi ulinipigia simu kunieleza kwamba umefungua ghala la kufungasha mchele na unatafuta mtu wa kukushikia hesabu, tena ungependa awe baba mkwe wako, kwa kuwa amestaafu uhasibu na ni mtu mnyoofu. Nikakwambia njoo kwanza tuongee. Ukasema huna muda. Haya, mimi ninao, nimekaa nimekuandikia. Soma ukiwa umetulia, usisome huku unakula.

Dada yangu aliitwa Minza. Yeye ndiye mkubwa wetu, mimi kitinda mimba, na mama yetu alipofariki yeye ndiye aliyenilea pamoja na binti yake, Kabula. Kwa mila Kabula ni mwanangu, lakini tumelala kitanda kimoja na kugombania kanga moja. Mume wa Minza naye alikufa mapema, akamwachia mashine ya kukoboa mpunga pale Buhongwa, kando ya barabara ya Shinyanga. Ilikuwa mashine moja, chakavu, kelele nyingi kuliko kazi. Minza akaing'ang'ania mpaka zikawa mashine mbili na ghala kubwa. Wakulima wa Misungwi na Magu wakawa wanaleta mpunga wao na kuuacha humo wakisubiri bei ipande, maana walimwamini. Mimi nilikuwa msichana bado, nikakaa kwenye mizani.

Biashara ilipokua, watu wa kodi wakamwambia sasa hawezi kuendelea kukadiriwa kwa kutazamwa tu. Inabidi awe na hesabu zilizoandikwa. Ndipo tukaenda Mirongo, kwa mama mmoja Mkerewe aliyekuwa na ofisi juu ya duka la vitambaa. Tulimwamkia, akatukaribisha, akavaa miwani, akaanza maswali.

"Hela ya kula nyumbani unaitoa wapi?"

"Kwenye mashine," dada akajibu.

"Unaandika?"

"Niandike ugali wangu?"

"Uandike, mama. Na ada ya huyu mdogo wako, na michango ya misiba. Vinginevyo hutajua mashine inakula nini na wewe unakula nini."

Akatuonyesha leseni yake ukutani, akataja malipo yake ya mwezi. Dada akasimama, akashukuru kwa sauti ile ya mtu anayeondoka moja kwa moja. Kwenye ngazi ndipo akafoka: amlipe mtu amchunguze mpaka sufuria? Na mkwe anaye, kijana kasomea hayo hayo, tena atafanya bure?

Mimi nikacheka, kwa sababu kwa kweli yule mama aliniudhi na mimi. Sikupenda ada yangu itajwe.

Mkwe mwenyewe aliitwa Maduhu, mume wa Kabula. Walikuwa wamepanga Buswelu, wana watoto wadogo, na yeye alikuwa amemaliza chuo cha uhasibu bado hajapata kazi ya maana. Kijana mpole, mtu wa kuongea taratibu na kufuta viatu vyake kabla ya kuingia. Sikuwahi kusikia amempigia mkewe kelele. Minza alimpenda sana, na kumpa kazi ile ilikuwa njia ya kumheshimu.

Sasa wewe umekulia mjini, labda hukuona jinsi sisi Wasukuma tulivyokuwa na wakwe zetu. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mkono. Hawali chombo kimoja, hawakai wakatazamana. Wakikutana njiani mmoja anapisha, na kama kuna la kuambiana linapita kwa mtu mwingine. Ni heshima, na mimi siitukani hata leo. Mimi mwenyewe nilikuwa rika la Maduhu, lakini kwa kuwa ni mdogo wa Minza, nami nilikuwa mama mkwe. Nikimwona anakuja natazama pembeni.

Basi fikiria hesabu za namna hiyo. Maduhu akija kuchukua karatasi zake, dada anaziacha kwenye kigoda na kuondoka. Nimewahi kumwona dada, mwenye mashine na ghala, amejibanza nyuma ya magunia ya pumba, kanga kichwani, anasubiri mhasibu wake aondoke. Wabeba mizigo walikuwa wanatania, wanasema mama anamkimbia mtu wake wa hesabu kabla hata hajamwibia. Na yeye alikuwa anacheka nao.

Maswali yake yote yalipita kwa Kabula. Muulize mumeo kama kodi imekaa sawa. Muulize kama naweza kununua mashine ya tatu. Kabula anakwenda Buswelu, anarudi na jibu, na jibu lilikuwa zuri siku zote. "Anasema usiwe na wasiwasi, mama." Dada anaridhika, anarudi kazini. Miaka ikapita hivyo. Ile mashine ya tatu aliinunua.

Walikuja wakati wa mavuno, ghala limejaa mpaka mlangoni. Watu wa kodi, wastaarabu tu, wamevaa mashati yao vizuri. Wakasema hesabu za biashara hii hazijawahi kupelekwa hata mwaka mmoja, na barua zao zote hazikujibiwa. Kodi ilikuwa imekaa, juu yake faini, na juu ya faini riba. Dada akasema haiwezekani, ana mhasibu. Wakamwomba amwite wazungumze naye. Akageuka akanitazama mimi. Hata siku ile, mwanangu, alikuwa hawezi kumwita.

Wakafunga mashine, wakafunga na ghala, wakaweka kufuli lao. Ndani kulikuwa na mpunga wa watu. Kesho yake wakulima wamejaa uani, wengine na wake zao, wanataka kuuza wapeleke watoto shule. Wale wale waliokuwa wakimwita mama walimtukana mbele yangu. Tukarudi Mirongo kwa yule mama wa Kikerewe, na nilipanda zile ngazi natamani ardhi inimeze. Hakutukumbusha lolote. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani. Akasema tungekuja mapema angetuombea kulipa kidogo kidogo, lakini kwa sasa atajitahidi angalau wakulima wapewe mpunga wao. Akahangaika, wakapewa. Mashine zikauzwa zote tatu pamoja na kiwanja.

Lakini mashine ni chuma, na mimi sikuketi kuandika kwa ajili ya chuma. Lililoniuma ni nyumba ya Kabula.

Ukoo ulikaa. Kila mtu akasema Maduhu amekula hela ya kodi, maana ingekwenda wapi tena? Wajomba wakampigia kelele hadharani, nyumbani kwake, majirani wanasikia na watoto wake wamesimama mlangoni. Alijibu neno moja tu, kwamba hajachukua kitu. Nani angemsikiliza? Dada akatuma watu wakamchukue Kabula na watoto. Kabula akaja. Akaingia chumbani tulimolala tukiwa wadogo, akalala ametazama ukuta. Nilidhani analia kwa sababu ya mume mwizi. Nilimfariji kwa maneno ya kumponda yule kijana, Mungu anisamehe, na yeye akaniacha niseme.

Dada akapata presha, kisha ugonjwa wa moyo. Alidhoofika haraka. Asubuhi moja nikiwa namnywesha uji akaniambia niende Buswelu nikamwite mkwe. Nikamwambia dada, umeona wapi? Akasema, "Nenda. Nataka kumuuliza mwenyewe, nisife na swali."

Nikaenda. Maduhu alikuja siku hiyo hiyo, amekonda kuliko mgonjwa. Akasimama mlangoni, akaamkia shikamoo huku macho yako chini. Dada akaitikia marahaba, akamwambia ingia ukae. Akaingia, akakaa chini sakafuni karibu na mlango, amegeuka upande. Kabula alikuwa miguuni kwa mama yake.

"Ulikula hela yangu?" dada akamuuliza.

"Sikula, mama. Kodi haikulipwa, hela ikabaki humo humo kwenye biashara, ndiyo iliyonunua mashine ya tatu."

"Mbona hukupeleka hesabu?"

"Sina leseni, mama. Biashara ikiwa kubwa hivi hesabu zinatakiwa zisainiwe na mwenye leseni. Nilituma uambiwe utafute mtu. Barua zao zilikuja kwenye anwani yangu, nazo nilizituma uzione."

"Ulimtuma nani?"

Maduhu akazidi kuinama. Hakuhitaji kumtaja. Dada akasema polepole, "Na mimi nilituma kukuuliza, kila mwaka. Nikaambiwa nisiwe na wasiwasi."

"Mimi niliambiwa umesema niendelee hivyo hivyo."

Sote tukamtazama Kabula. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Aliongea humo humo ndani ya kanga, na maneno yake sitayasahau mpaka nazikwa. Alisema, "Niliona aibu. Nikisema mume wangu hana leseni, mama utaona nimeolewa na mtu asiyejua kazi. Nikimwambia yeye mama anauliza, ataona mama anamdharau. Barua nikazificha, na kila mwaka nikasema mwaka ujao nitasema. Nilitaka mpendane."

Mwanangu, sikuwahi kumwona dada yangu akilia hadharani, hata mumewe alipozikwa. Siku ile alilia. Akasema, "Maduhu, nisamehe." Alimtaja jina, jambo ambalo mama mkwe hafanyi, na yule kijana akainamisha kichwa mpaka magotini.

Alisema amemsamehe mama, kwa kuwa mama hakujua. Kisha akasimama, na kwa mara ya kwanza akageuka kumtazama mkewe. "Wewe ulijua," akamwambia. "Wameniita mwizi mbele ya wanangu, na ulikuwa umesimama hapo hapo." Hakupaza sauti. Akatuaga vizuri, akaenda zake.

Dada hakufikia msimu uliofuata wa mpunga. Maduhu alikuja msibani, akashika jembe na wanaume wenzake, akachimba kaburi la mama mkwe wake mpaka mwisho. Nikajipa moyo kwamba labda sasa watarudiana. Alipomaliza alinawa mikono, akawabusu watoto wake, akaondoka. Kabula hakuolewa tena. Leo anauza chakula Buswelu, wewe unamfahamu, ndiye yule dada yako mkubwa anayekucheka kwa kula haraka. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuyaandika haya. Akasema, "Mwandikie. Usinipunguzie."

Sasa nisikilize. Baba mkwe wako ni mtu safi, sina shaka naye hata kidogo, na hilo ndilo linalonitia hofu. Maduhu naye alikuwa safi. Mtu wa hesabu anatakiwa awe mtu unayeweza kumkalia usoni ukamuuliza swali la kijinga, ukarudi kesho ukamuuliza tena lile lile, na yeye akakujibu bila wewe kuona umevunja adabu. Je, unaweza kumwambia baba wa mkeo, "Mzee, hapa sijaridhika, nionyeshe"? Unaweza kumwambia kuanzia mwezi ujao umempata mwingine? Kama huwezi, usimpe. Mpelekee sukari na kitenge cha mama, kaa naye mnywe chai.

Tafuta mtu wa kumlipa, na umlipe kwa wakati, maana unayemlipa unamdai kazi na anakudai ukweli. Muulize leseni yake kabla ya kuuliza bei. Akikuuliza mambo yanayokuudhi, hela ya kula, hela ya kusomesha, hata michango ya misiba, usinune kama dada yangu. Atakayekuambia kila kitu ni sawa bila kukuuliza kitu ndiye wa kumwogopa. Barua za kodi zifike mkononi mwako, uzisome, na usipoelewa uende mwenyewe ofisini kwao, hawang'ati. Na tafadhali, mwanangu, usimtume mkeo kupeleka maneno ya hesabu kwa baba yake. Usimweke binti wa watu katikati ya watu wawili anaowapenda ukategemea atawaumiza wote kwa kusema ukweli. Atawaficha, na ataona anawatendea mema.

Mungu abariki ghala lako na mikono inayopakia ndani yake. Akupe mtu wa hesabu usiyemwonea haya, na wakwe zako akuachie wabaki kuwa wakwe.