Rafiki wa Stelingi

Mwaka ule nilikuwa na kazi mbili za mdomo, na zote mbili nilizifanya vibaya. Ya kwanza ilikuwa kutafsiri picha kwenye ukumbi wa video wa mjomba wangu, Buhongwa, kando ya barabara ya Shinyanga. Ya pili ilikuwa kumsomea barua jirani yetu, mama mmoja wa Kijita kutoka upande wa Mara, aliyeuza dagaa na mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani minofu ikishachukuliwa. Kazi hizo hazikuwa na uhusiano wowote, mpaka Jumapili moja ya Novemba zilipokutana mbele ya watu.

Mjomba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, na kiinua mgongo chake akakigeuza televisheni, deki na jenereta. Ndivyo watu walivyokuwa wakati ule. Kila aliyepunguzwa alifungua kitu: huyu kioski, yule saluni, yule mashine ya kukoboa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yakanikataa, nikawa nipo tu. Begi langu lilikaa chini ya kitanda likiwa limefungwa kabisa, kwa sababu kila mwezi nilikuwa naondoka mwezi ujao kwenda Dar. Basi likipita barabarani nilitoka mlangoni kuliangalia, likishapita narudi ndani nimekasirika, na aliyekuwa karibu ndiye aliyeipata hasira hiyo. Mjomba alichoka nayo. "Kiingereza unacho kidogo na mdomo unao mwingi," akaniambia. "Njoo utafsiri."

Kutafsiri maana yake ni kusimama kando ya televisheni ukiwa na maiki, sauti ya picha imepunguzwa, wewe unamwaga Kiswahili. Nilielewa nusu ya yaliyosemwa, hasa kwa vile watu wa picha zile huongea huku wanakimbia. Nusu nyingine niliitunga, na hakuna aliyelalamika mradi stelingi, shujaa wa picha, apige na adui apigwe. Nikaanza kujiona mtu wa maana.

Sasa barua. Yule mama alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana mwenye mwanya, aliyekwenda jeshini na kuandika kwamba yumo kwenye kundi litakalosomea urubani. Mama alipokea habari ile kama ubatizo. Ndege za kubeba samaki zilipopita juu yetu alisimama na ungo wake mkononi mpaka zipotee, na kila alfajiri nilimsikia nyuma ya ukuta akisali kwa Kijita, neno "ndege" likitokea kila baada ya muda. Kanisani pia aliomba wamkumbuke mwanawe aliye angani.

Mwezi wa nne ikaja barua ya nne. Nilianza kumsomea kwa sauti, zile salamu za mwanzo, kisha macho yangu yakatangulia. Kijana aliandika kwamba wamepunguzwa, na yeye yumo, kwa sababu macho yake hayakufaulu kipimo. Anaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Yeye na wenzake wawili wanaondoka kuelekea Sauzi, kwa malori pale yanapopatikana na kwa miguu pale yasipopatikana, na asisubiriwe. Chini kabisa, baada ya jina lake, kulikuwa na mstari ulioandikiwa mimi: "Dada unayemsomea mama, mwambie polepole."

Nilimtazama mama. Alikuwa amevua kilemba ili masikio yasikie vizuri. Nikasema, "Anaendelea vizuri. Masomo ni magumu. Wanahamishiwa kambi ya mbali, kwa hiyo hataandika kwa muda."

Nilijiambia kwamba nitamweleza wiki ijayo, kidogo kidogo, kama mwenyewe alivyoomba. Wiki ijayo ikawa kama safari yangu ya Dar. Wala nisijisafishe, haikuwa huruma tupu. Nilimwonea wivu yule kijana. Yeye alikuwa ameondoka, hata kama ni kwa miguu, na mimi nimebaki na begi chini ya kitanda. Sikutaka kuwa mtu wa kuitangaza safari yake.

Mwezi wa saba mjomba akapata picha ya marubani wa vita. Mama alisikia, akaja. Hakuwahi kukanyaga ukumbini kabla ya siku hiyo. Aliketi benchi la pili, mfuko wake wa dagaa miguuni, na watu wa karibu wakavumilia harufu kwa sababu wote walimheshimu. Picha ilikuwa na marubani wawili: stelingi, mrefu asiyecheka, na rafiki yake, kijana mchangamfu mwenye mwanya. Yule mwenye mwanya alipocheka mara ya kwanza, mama aliuliza kwa sauti, ukumbi mzima ukisikia, "Huyo ni wa nani?" Akacheka mwenyewe kwa swali lake. Kuanzia hapo hakumtazama mwingine.

Katikati ya picha ndege ya yule mwenye mwanya ikapigwa, ikaanguka baharini ikiwaka. Nilimwona mama akishika kifua. Maiki ilikuwa mdomoni na mdomo ukafanya ulichozoea. "Ameruka na mwavuli!" nikasema. "Ameangukia majini, wavuvi wamemwokota!" Watu wa ziwani wanapenda wavuvi, basi ukumbi ukapiga makofi. Haikupita dakika tano likaja jeneza lenye bendera, na mke wa yule kijana analia. Nikasema jeneza ni la jenerali wao, amefariki kwa presha, na mke analia kwa furaha kwa kuwa amepata simu kutoka hospitali. Nyuma kabisa alikaa mzee mmoja mstaafu wa jeshi, aliyepigana Uganda. Nilimsikia akikohoa.

Mama alinishika mkono tukitoka. "Umeona?" akasema. "Hata ikianguka, wanatoka." Kesho yake alfajiri sala ilikuwa ndefu kuliko siku zote.

Nadhani mtu mwingine angeishia hapo, lakini picha ile ilikuwa na sehemu ya pili. Kuanzia Agosti watu walikuwa wakiiulizia, na hakuna aliyemuulizia stelingi. Walimuulizia aliyeokotwa. Vijana wa kupakia magunia walibishana kama atarudi na mguu mmoja. Mjomba, ambaye hakujua nililofanya kwa sababu muda wote alikuwa nje anahangaika na jenereta, akaandika kwa chaki kwenye ubao wake: SEHEMU YA PILI. ALIYEOKOTWA ANARUDI. Nilimwomba afute. Akanijibu kwamba biashara siku hizi ni matangazo.

Mkanda ulikuja na kondakta wa basi la Nairobi, Jumapili mchana, watu wakiwa tayari mlangoni. Hapakuwa na nafasi ya kuutazama kwanza. Mama alifika moja kwa moja kutoka kanisani na wenzake wawili wa kwaya, wote na sare zao, akakaa benchi lile lile la pili. Alikuwa amewaeleza habari yote. Mmoja aliniuliza, "Ndiyo leo anarudi?" Nikaitikia kwa kichwa. Mvua ikaanza kupiga bati, joto ndani likawa la kuivisha ndizi.

Picha ikaanza, ikawa si ile waliyoitegemea. Stelingi alikuwa amezeeka. Mvi pembeni, miwani ya kusomea, ameketi ofisini, na wakubwa wake wanamwambia kwamba ndege za zamani zitauzwa na marubani wa zamani warudi makwao. Nusu saa nzima hakuna aliyeruka. Vijana wakaanza kupiga miguu chini. "Vita iko wapi?" Mbele yao alikaa baba mmoja aliyetoka kupunguzwa reli mwezi uliopita, akageuka na kuwaambia, "Nyamazeni. Hii ni picha ya watu wazima." Alikuwa ameinama kabisa kuelekea kwenye kioo, na stelingi alipokabidhi funguo zake nilimwona akifuta macho kwa kofia. Kina mama walipenda nyumba ya stelingi, hasa jiko. Ndege ziliporuka hatimaye ukumbi ukalipuka kwa shangwe, ila yule mzee wa jeshi akasema kwa sauti ya kikosi, "Uongo. Kona ile bawa lingekatika."

"Na yule mwenye mwanya?" kijana mmoja akaniuliza.

"Anakuja," nikasema kwenye maiki. "Yuko likizo."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anatafuta katika kila kundi la watu lililopita kwenye kioo, hata wapishi, hata watu waliosimama nyuma ya uzio wa uwanja wa ndege.

Kisha stelingi akaenda makaburini. Alitembea peke yake na maua, akapiga magoti mbele ya jiwe, na kwenye jiwe palikuwa na picha. Kamera ikasogea mpaka mwanya ukaonekana. Ukumbi ukanyamaza, nikasikia mvua tu. Mjomba, aliyekuwa amesimama kwenye deki, akanifanyia ishara ya mkono: sema kitu.

Nilikuwa nacho. Kilikuwa tayari ulimini: ni pacha wake, pacha wake ndiye aliyekufa. Wangekikubali, hata nikaona sura zao zikikisubiri. Lakini mama alikuwa amenyanyuka nusu, mkono mmoja kwenye benchi la mbele, ananiangalia mimi na si televisheni, na nikajua nikisema pacha nitaishi na uongo huo nyuma ya ukuta kila alfajiri.

"Amekufa," nikasema. "Alikufa kwenye sehemu ya kwanza. Lile jeneza lilikuwa lake. Niliwadanganya."

Zogo lililofuata mjomba alilikumbuka mpaka uzeeni kwake. Wapo waliotaka kiingilio chao, cha leo na cha Julai. Wapo waliotaka nimalize kutafsiri kwanza ndipo nitukanwe. Yule mzee akasema kwa upole, "Njia ya mwongo fupi, binti. Jenerali gani anazikwa na cheo cha kapteni?" Nilimaliza picha, na kwa mara ya kwanza nilitafsiri nilichoelewa tu, nisichoelewa nikasema sielewi. Baadaye mvua iliwabana watu kibarazani, ubishi ukawa mkali. Baba wa reli alisema sehemu ya pili ni bora mara mia. Vijana walisema stelingi bila rafiki ni mzee tu anayeendesha ndege. Mmoja alisisitiza kwamba picha yangu mimi, ile ya wavuvi, ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote mbili, na wenye picha wangetakiwa kuifuata. Walimuunga mkono wengi. Siku nyingine ningevimba kichwa. Nilitazama benchi la pili, mama alikuwa ameshaondoka katikati ya mvua na sare yake ya kwaya.

Asubuhi nilikuwa naosha vyombo uani alipoingia. Mkononi alikuwa na kipande cha kanga kilichofungwa fundo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, akafungua fundo. Zilikuwa barua zake nne. "Zisome tena," akasema. "Zote. Kama zilivyoandikwa."

Nikakausha mikono. Niliisoma ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na midomo yake ilitangulia yangu kila mstari, kwa sababu alikuwa amezishika zote kwa moyo. Ya nne nilipoifungua midomo yake pia ilianza, "Mama mpendwa, mimi mzima," ikaenda hatua chache, ikasimama. Niliendelea peke yangu. Nilisoma kupunguzwa, nikasoma macho, nikasoma haya, malori na Sauzi. Nilitamani anipige. Alikuwa ametulia kabisa, anaangalia karatasi, kisha akaweka kidole chini ya jina la mwanawe.

"Na hapa? Huu mstari ulio peke yake unasemaje?"

Nikamsomea na huo.

Akaichukua ile karatasi. "Ilifika lini hii?"

"Mwezi wa nne, mama. Kabla ya Pasaka."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akitaja kila mwezi kwa jina, bila haraka, mpaka akafika Novemba. Nikamwambia anisamehe. Sidhani alisikia. Alizikunja barua moja moja, akazifunga tena kwenye kanga, akavuta fundo kwa meno.

"Miezi yote hiyo," akasema, "namsumbua Mungu aishike ndege. Kumbe mtoto yuko chini, anatembea. Sikumwombea hata viatu."