Alfabeti Juu, Rungu Chini

Niko na hasira za karibu, sikatai. Mama alisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Ndiyo maana watu walicheka nilipopata kazi ya redio kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya Kitengela, kazi inayotaka sauti tulivu. Ndege unaiita kwa herufi zake, kila herufi na neno lake, Alfa, Bravo, Charlie, hadi Zulu, ili mngurumo wa injini usimeze kitu. Na hupandishi sauti hata nyumba ikiungua.

Mwaka ule wa ukame, nyasi zilibaki ndani ya ua wa kiwanja tu. Asubuhi moja kaka yangu alikata waya akaingiza ng'ombe wetu. Sikumlaumu, tulikuwa tumechoka kuchuna mizoga. Soja aliyelinda kiwanja, mgeni wa sehemu hizi, akamkimbilia na rungu. Niliwaona dirishani wakikabana katikati ya njia ya ndege, ng'ombe wamewazunguka. Papo hapo redio ikaita.

Alikuwa mwanafunzi wa urubani, msichana aliyetoka Nairobi peke yake, safari yake ya kwanza bila mwalimu. "Kuna ng'ombe huko chini! Kuna watu wanapigana!" Sauti ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia asishuke, azunguke palepale juu. Akaanza kulia, na rubani anayelia haoni mbele.

"Nisomee alfabeti," nikasema. "Alfa hadi Zulu, polepole. Ukimaliza anza tena. Nakusikia."

Nikachomeka redio ya mkononi kiunoni nikatoka mbio.

Kaka alikuwa ameshapigwa hadi magotini. Kwetu Wamaasai, mtu akizidiwa hung'oa nyasi akaziinua, na mwenye rungu hulishusha, hata kama haki ni yake. Kaka akang'oa, akainua. Soja yeye aliona nyasi tu.

"Unanionyesha chenye umeiba? Unanicheka?"

Rungu likatua usoni. Kiunoni kwangu msichana alikuwa akisema, "Delta. Echo. Foxtrot." Rungu likatua tena. "Golf." Mungu wangu, ule mlio wa mfupa! "Hotel."

Nilimrukia soja mgongoni nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu. Akanibwaga. Nikaokota jiwe nikamponda goti, akaanguka, nikaliinua tena juu ya kichwa chake. Nilitaka kumuua, nasema wazi. Wala sikuwa nimechanganyikiwa.

"November," ikasema redio. "Oscar. Bado uko?"

Nikabonyeza kitufe. "Niko. Endelea." Sauti yangu ilitoka shwari kabisa, na mdomo umejaa damu ya mtu.

Soja akatazama juu. Nadhani ndipo alipoiona ile ndege.

"Huyo ni nani?"

"Ni mtoto wa mtu! Fukuza ng'ombe, mjinga wewe!"

Nikalitupa jiwe. Tukamburuta kaka hadi pembeni, kisha tukafukuza ng'ombe pamoja, yeye akichechemea, mimi nikitema mate mekundu. Njia ilipokuwa wazi nikamwambia msichana ashuke. Alishuka vizuri sana, akazima injini, akatapika juu ya viatu vyake.

Kaka alilazwa Kajiado. Yeye alipona, jicho la kushoto halikupona. Baadaye wazee walituketisha, soja akaleta mtamba mmoja wa ng'ombe kama fidia, akaapa kwamba hakujua maana ya nyasi. Mimi nikaomba msamaha wa sikio kwa sababu wazee walikuwa wananitazama. Kaka alimpa mkono.

"Hakujua," aliniambia tukirudi nyumbani. "Wewe unajua desturi za kwao?"

Sizijui. Na najua hakujua, nilijua tangu siku ile. Lakini kaka huigonga fremu ya mlango kwa bega la kushoto karibu kila anapoingia, kisha hucheka ili mimi nisikasirike. Ole, kila akicheka namchukia yule mtu upya, na sikio lake lile jingine ningeling'oa leo.