Viatu vya Kushukia Mlima

Wanaosema mlima hupandwa hawaujui mlima. Kupanda ni pumzi tu. Ukiwa na pumzi utafika, hata kwa magoti. Kazi iko kwenye kushuka. Hili nalijua kwa makalio yangu mwenyewe, na siku hizi silionei haya, maana walionicheka wakati ule ndio hao waliokuja baadaye kuniomba niende nao gulioni nikawachagulie viatu.

Nilizaliwa Kisiwani, si kisiwa cha baharini bali kijiji cha nyikani, chini kabisa ya mlima, ambako ardhi imelala na mtu anaweza kutembea akiangalia mambo yake. Nikaolewa juu, Upareni kwenyewe, kijiji ambacho hata kuku wanatembea upande upande. Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, khanga mpaka umjue mtu. Mume wangu, aliyekuwa karani kwenye shamba la mkonge, alivipata viatu vyangu vya harusi kwenye duka la ushirika mjini Same baada ya kusimama kutwa nzima: vyeupe, vya mchuchumio, na vidogo kuliko mguu wangu. Enzi zile hukuuliza saizi. Ulichukua kilichopo ukashukuru, mguu ukajijua wenyewe.

Basi siku ya harusi gari likatuacha mwisho wa barabara, tukaendelea kwa miguu, manyunyu yanadondoka, wanawake wa ukweni wanapiga vigelegele mbele na nyuma. Nyumba ya mama mkwe iko chini ya njia, kwenye mteremko. Nilipoweka kisigino cha kwanza pale, mguu ukaondoka, na wa pili ukaufuata. Nilishuka kwa mgongo na shela langu mpaka mlango wa jiko. Vigelegele vikakatika. Mama mkwe alikuwa amesimama hapo mlangoni na kawa mkononi, akanitazama nilivyolala miguuni pake.

"Haya," akasema, "ameshafika."

Kijiji kizima kilicheka, na kiliendelea kucheka. Lakini kicheko hakikuwa shida yangu, mimi mdomo ninao na nilikuwa nawajibu. Shida ilikuwa siku za soko la Kisiwani. Wanawake wa kule juu walikuwa wanaondoka alfajiri na matenga ya tangawizi kichwani, wanashuka kuuza, wanarudi jioni. Mama mkwe ndiye aliyekuwa anatangulia. Kila nilipoomba kwenda nao alinikatalia, na hakunikatalia kwa ubaya, ndiyo maana ilikuwa inauma zaidi. Aliniambia nitaanguka, na tangawizi yake itaanguka nami, halafu yeye atamwambia nini mama yangu? Mkamwana wa watu haendi kutembea kwao mikono mitupu kama aliyefukuzwa. Anakwenda na mzigo, kwa heshima. Na mzigo sikuaminiwa.

Mama yangu naye magoti yalikuwa yameshamgomea, kupanda asingeweza. Kwa hiyo tangu niolewe hatukuonana. Alikuwa anampa mama mkwe ukwaju aniletee, na salamu, na swali lile lile: mwanangu atashuka lini? Saa sita mchana jua likiwa kali, nilikuwa nikisimama uani naona mabati ya Kisiwani yanametameta kule bondeni, najua moja ni la nyumba yetu. Karibu vile, mbali vile. Nililia, nisiseme uongo. Nilikuwa mke wa mtu, na nilikuwa namlilia mama yangu kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Ndipo ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Ghafla vitu vikaanza kuonekana: sabuni za rangi rangi, mafuta ya kujipaka yanayonukia, na mitumba. Mitumba ilipanda mpaka gulio letu la juu, kwenye lori la mfanyabiashara mmoja kutoka miji ya barabarani, mtu wa maneno mengi, kofia haimtoki kichwani. Alikuwa anakata robota mbele ya macho yetu, viatu vinamwagika kwenye turubai, na wanawake tunavamia. Watu waliozoea kuchukua kilichopo, leo wanaambiwa chagua! Wengine walishindwa. Nilimwona mama mmoja akishika kiatu hiki na kile mpaka gulio likafungwa, akaenda zake bila kitu.

Mimi nilikuwa najua ninachokitaka. Nilikuwa nimeuchunguza mlima ule kwa macho, kupitia miguu ya waliokuwa wanashuka. Juu ni msitu, majani mabichi na mizizi. Kisha mawe. Kisha kijito. Kisha udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unakuwa sabuni. Na ukishuka kabisa, nyika yenye miiba ya migunga inayotoboa ndala ikatokea juu. Tena Jumapili kuna kanisa. Sikuwa na uwezo wa jozi sita. Nilitaka jozi moja ya kuyaweza yote hayo, na iwe ya mguu wa mwanamke, si jahazi la kuogelea ndani yake. Nikavifunga viatu vyangu vya harusi kwenye kitenge, nikaenda. Mama mkwe na wifi yangu wakanifuata, kila mmoja na shauri lake.

Mama mkwe ndiye aliyeanza. Alichomoa katikati ya rundo buti ambazo mpaka leo sijaona mfano wake mlimani kwetu. Plastiki ngumu, rangi ya waridi, shingo ndefu mpaka katikati ya muundi, na ubavuni vifungo vya chuma kama vya sanduku. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Muuzaji akaapa kuwa ni viatu vya kina mama wa Ulaya, vya milimani hasa. Mama mkwe akavigonga kwa ngumi, vikalia ko, ko. Akasema hivi hata wajukuu watavirithi.

Nikavivaa, ni mkwe wangu, ningefanyaje. Wifi akavibana vile vyuma. Nikasimama, na nikabaki nimesimama, maana kifundo cha mguu hakikunjiki, nimeinama mbele kama nataka kumsalimia mtu. Nilipojaribu hatua moja, watu wakapisha. Ilibidi wanikalishe juu ya robota, wawili wanivute miguu, na mama mkwe akanishika kwapani. Miaka mingi baadaye, nikiwa Same mjini kwenye mgahawa wenye televisheni, niliwaona wanawake wamevaa buti zile zile, wamezifunga kwenye mbao ndefu, wanashuka mlima mweupe pepe kwa kasi ya kutisha. Nikaiacha chai ikapoa. Kumbe wenzetu wana viatu vya kuserereka kwa makusudi, na mimi nilivihangaikia visivyoserereka.

Baada ya aibu ile nikasema sasa nachagua mwenyewe. Nikamwambia muuzaji kwamba kiatu sikijaribu juu ya turubai, nakijaribu kwenye mteremko ulio nyuma ya gulio, palipokuwa pamelowa. Akakataa, akidhani nitatokomea navyo. Nikamwekea rehani khanga yangu ya juu na kile kitenge cha viatu. Watu wakaacha mchele, wakaacha ndizi, wakaja kuangalia mtu wa nyika akishuka.

Nilianza na raba. Nzuri, nyepesi, vidole vinapumua. Nilikwenda hatua chache nikakaa chini, matopeni, mbele ya umma. Wakacheka mpaka wengine wakashikana. Nikarudi na matope yangu, nikavaa gambuti. Zilishika ardhi vizuri, lakini mguu ulikuwa unacheza ndani na vidole vinagonga mbele kila hatua. Kwa mwendo wa kufika Kisiwani ningefika bila kucha. Mama mkwe akatikisa kichwa.

"Mchagua nazi hupata koroma," akaniambia.

Nikamjibu kwa adabu kwamba mama, siku nilipochaguliwa viatu na foleni ulinipokea mlangoni nimelala. Wifi akageuka upande kuficha kicheko.

Chini kabisa ya rundo nikazipata. Buti fupi za ngozi, za kahawia, kamba moja nyeusi na nyingine nyekundu. Nilizikunja kwanza: zikakunjika pale vidole vinapokunjika, si katikati. Nikabana kisigino, kigumu. Nikapitisha kucha kwenye soli, ina meno marefu yaliyoachana, tope likiingia litatoka. Nikaingiza mkono ndani, nyuma pembamba, mbele pana, mguu wa kike kabisa. Nikazivaa, nikafunga kamba, nikashuka pale pale nilipokalia matope. Nikafika katikati nikasimama. Nikageuka nikawatazama wote, mikono kiunoni. Sikuteleza hata unywele. Na hakuna aliyecheka.

Mama mkwe akasema bila mzigo hata mbuzi husimama. Nikamwambia alete mzigo. Akanitwika tenga lake lenyewe, chumvi na mahindi ndani, nikashuka nalo mpaka chini nikapanda nalo tena, shingo imenyooka. Alipolipokea alilichungulia ndani, kuhakikisha. Kisha akatafuta dosari nyingine: viatu hivi ni vya kiume, kanisani je? Nikasema nitavipaka mafuta ving'ae, na Mungu anaangalia moyo.

"Na watu wanaangalia miguu," akasema.

Nilitaka kubadilishana, lakini muuzaji hakuvitaka viatu vyangu vyeupe, mpaka binti mmoja aliyekuwa anakaribia kuolewa alipoviona akavipenda, akamlipa papo hapo. Basi biashara ikakamilika, viatu kwa viatu. Yule binti nilimvuta kando nikamuusia: ukifika mteremko wa ukweni, vua. Mama mkwe naye, ruksa ilikuwa imemfikia, alijinunulia sandozi za plastiki zenye ua juu. Tangu nimjue alikuwa anashuka mlima pekupeku, vidole vimeshika ardhi.

Siku ya soko la Kisiwani iliyofuata mvua ilinyesha usiku kucha. Lakini lori la wanunuzi wa tangawizi halikuwa linangoja mtu, ikabidi kushuka. Nikatoka na buti zangu, nikasimama mstarini bila kuomba. Mama mkwe akanitazama miguu, akaniwekea tenga kichwani, si dogo.

Msituni nilikuwa wa mwisho. Kwenye mawe nikawa katikati. Kwenye kijito wenzangu walikuwa wanatafuta jiwe la kukanyaga, mimi nikapita majini moja kwa moja, nikamtangulia hata mama mkwe. Tulipofika kwenye udongo mwekundu, wanawake wote wakavua, isipokuwa mimi na mama mkwe, aliyekuwa anayaonea huruma maua ya sandozi zake mpya, lakini kuzivua mbele ya watu akakataa. Mdharau mwiba mguu huota tende. Hatukwenda mbali. Nilisikia nyuma yangu "yelele," nikazikita buti zangu ardhini, nikageuza bega, naye mama mkwe akanijia mwili mzima. Tenga lake lilibingirika. Langu halikutikisika. Sandozi moja ilikuwa imekatika mshipi, na nyingine ilishaondoka zake kwenye korongo.

Nilikuwa na maneno mengi sana ya kumwambia, matamu yote, niliyoyatunza tangu siku ya harusi. Nikamtazama, mama mtu mzima, amelowa matope, amenishika mkono kwa nguvu na anatazama kando. Yote yakaniishia mdomoni.

"Shika bega langu, mama," nikamwambia. "Nikanyagapo ndipo ukanyage."

Akashika. Wifi na wenzake wakaokota tangawizi wakagawana. Tukaushuka udongo ule wote hivyo, mimi mbele nachimba ngazi kwa meno ya buti, yeye nyuma anaweka wayo kwenye alama yangu. Nyikani nikawa naivunja miiba kwa soli ili apite. Vidole vyake begani mwangu havikulegea njia nzima. Nami nilikuwa naimba moyoni, maana mabati yalikuwa yanakuja, yanakua makubwa, na nililijua letu.

Mama yangu alikuwa amekaa chini ya banda la soko na mafungu yake ya ukwaju. Aliponiona hakuamini. Aliinuka kwa magoti yake yale mabovu, akishika nguzo, na mimi nikatua tenga pale pale nikamkimbilia kwa buti zangu zenye tope. Tulilia wote wawili, watu wa soko wakatuacha tulie. Alipopata sauti alimgeukia mama mkwe, aliyesimama pekupeku, amechafuka mpaka kiunoni.

"Ahsante, mkwe wangu," akamwambia. "Umeniletea mwanangu."

Mama mkwe akanitazama kwanza mimi, kisha buti.

"Sikumleta mimi, mkwe," akasema, na alisema kwa sauti ya kusikika na wanawake wote wa juu. "Yeye ndiye aliyenileta."